KAZI IKIISHA, SIKU ISIFE



Mara nyingi ukurasa huu unawafundisha juu ya kaske, viatu vya usalama na mavumbi. Leo tuko na somo juu ya hatari ingine, ile isiyotoa damu: mutu kupoteza kazi. Kaske haiwezi kumulinda. Lakini anaweza kujilinda yeye mwenyewe, kama anaijua hatari hii mbele haijafika.

1. Tulivyoona hapa kwetu

Bei ya shaba haikatwi Likasi wala Kolwezi. Mwaka wa 1986 Gécamines ilitoa tani zaidi ya 470.000 za shaba. Kufika mwaka wa 2003 haikufikia hata tani 20.000, na wafanyakazi walikuwa wamekaa miezi mingi bila mushahara. Mwaka ule na ule uliofuata, zaidi ya wafanyakazi 10.000 waliondoka katika mupango wa kuondoka kwa kupenda, uliolipwa kwa feza za Banki ya Dunia. Mwaka wa 2008 bei ya tani moja ilishuka kwa miezi michache, toka dola zaidi ya 8.000 kufika karibu dola 3.000, makampuni mengi ya Katanga yakafunga milango. Mwisho wa 2019 kazi ilisimama Mutanda, ikakaa zaidi ya mwaka bila kuanza tena.

Basi mutu anaweza kuachishwa bila kosa lake. Ujue neno hili vizuri, maana haya ndiyo mzigo wa kwanza wa mutu asiye na kazi.

2. Siku yenye masaa mengi

Wiki ya kwanza ni kama konje. Mutu analala, anasalimia ndugu, anatengeneza mulango uliovunjika tangu mwaka jana. Wiki ya tatu mambo yanabadilika. Anaamuka saa kumi na moja kama zamani, lakini hakuna mahali anapongojewa. Anaenda chini ya muembe kucheza dame. Nyuma ya dame, mabishano juu ya Mazembe na Lupopo. Nyuma ya mabishano, rafiki anamununulia chupa moja. Kesho yake anaona haya kunywa ya bure, ananunua yeye. Kisha anatia feza kidogo katika pari ya mupira, apate kurudisha zile za chupa. Anarudia nyumbani amechoka, na hakufanya kitu.

Je, dame ni mbaya? Hapana. Mupira si mubaya pia. Lakini mapumziko ni kama mboga, na kazi ndiyo bukari. Mutu hawezi kushiba mboga tupu kila siku.

Jambo hili si la Waafrika peke yao. Katika kijiji cha Marienthal, inchi ya Austria, kiwanda cha nguo kilifungwa karibu na mwaka wa 1930, na karibu kijiji kizima kikakosa kazi. Wenye elimu walikwenda kuwatazama watu wale, wakaandika kitabu mwaka wa 1933. Waliwapima hata mwendo wao njiani kwa saa. Waliona kwamba wanaume walitembea polepole kuliko wanawake, wakasimama-simama bila sababu. Walikuwa na wakati mwingi wa kusoma, lakini vitabu walivyoazima vilipunguka karibu nusu, ingawa kuazima kulikuwa bure. Wanawake hawakupoteza saa zao, juu kazi ya nyumba haikuwaachisha.

Jifunze hapa: wakati mwingi usio na mupango hauleti raha. Unakula nguvu za mutu.

3. Hasira inaingia nyumbani

Zamani watu wa kamponi walizoea kusema kwamba kampuni ni baba na mama. Ilitoa nyumba, posho, masomo ya watoto na munganga. Kwa hiyo anayepoteza kazi hapotezi mushahara tu. Anajiona kama mutoto aliyefukuzwa na wazazi. Na mukubwa wa kazi hayuko tena mbele yake apate kumwambia uchungu wake. Wanaobaki mbele yake ni bibi na watoto. Ndiyo maana chumvi kidogo katika mboga inaleta makelele, na mutoto anayeomba kalamu anapigwa.

Wengine wanaficha. Asubuhi wanavaa, wanatoka kama watu wanaoenda kazini, wanashinda mujini mpaka jioni. Siri hii haidumu. Siku bibi anapoipata kwa jirani, anaumia mara mbili.

Baba, sema siku ile ile, jioni. Ukae na bibi, mutie feza zote juu ya meza, muhesabu pamoja. Katika miaka ya 1990, mishahara ilipokawia, wamama wengi wa kamponi ndio waliolisha nyumba kwa kuuza unga, mafuta, samaki na makala. Usione haya kumusikiliza mutu anayejua soko kukupita. Nawe mama, usimuite mume wako mutu bure mbele ya watoto ao ya jirani. Neno lile halitoki tena moyoni.

4. Afya ya mutu asiye na kazi

Angalia mambo haya matano:

a) Pombe. Feza zikipunguka, mutu anaacha bia, anakamata lutuku. Hakuna anayejua nguvu yake wala kilichotiwa ndani. Lutuku mubaya unaweza kupofusha macho, na unaweza kuua.

b) Dawa. Mugonjwa wa tansio ao wa sukari asiache dawa kwa sababu lopitali ya kampuni haimupokei tena. Tansio haiumi, lakini inaweza kupasua mushipa wa kichwa. Mbele ya siku ya mwisho, omba munganga karatasi ya ugonjwa wako na majina ya dawa, upate kuzifuata kwenye kituo kingine.

c) Mavumbi. Ugonjwa wa mavumbi ndani ya mapafu unaweza kujionyesha miaka mingi nyuma ya kuacha kazi. Ukikohoa sana ao ukikosa pumzi, umwambie munganga kwamba ulifanya kazi ya mugodi, mahali gani, na miaka mingapi.

d) Mashimo. Wengi wanaoachishwa wanaingia katika mashimo ya wachimbaji wa mukono, wakisema, « Mimi najua mugodi. » Hapana. Ulijua mugodi wenye nguzo, hewa na watu wa usalama. Mwezi wa Juni 2019 ardhi iliwaangukia wachimbaji karibu na Kolwezi, makumi wakafa. Na mutoto asipelekwe kule hata siku moja, hata kuosha mawe.

e) Moyo. Mutu asiyelala wiki mbili, asiyekula, anayekimbia watu, ao anayesema « Afadhali nife, » huyu ni mugonjwa. Musimucheke, musimuache peke yake. Musifungie ugonjwa wake ndani ya maneno ya ulozi. Mumupeleke kwa munganga, na mutu anayemupenda aende pamoja naye.

5. Mupango wa siku na wa feza

Kwanza, karatasi. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema kwamba mwenye kontra isiyo na tarehe ya mwisho, akiachishwa bila kosa zito, apewe preavisi ya siku 14 za kazi, na siku 7 zaidi kwa kila mwaka mzima aliotumika. Aliyetumika miaka 10 ana haki ya siku 84. Usitie saini juu ya karatasi usiyoielewa. Muite delege wa sendika akusomee. Chunga vizuri kontra, karatasi za mushahara na hati ya mwisho wa kazi. CNSS, iliyoitwa zamani INSS, itakuuliza karatasi hizi siku ya pensioni.

Pili, dekonti. Feza nyingi za siku moja zinafanana na utajiri, na ndugu wote wanazisikia. Ugawe mbele hujaanza kutumia: chakula cha miezi sita, masomo ya watoto, dawa. Kinachobaki ndicho cha kuanzia kazi ingine. Usianze biashara usiyoijua kwa feza zote. Uijaribu kwa kidogo.

Tatu, saa. Uamuke saa ile ile ya zamani, uoge, uvae. Asubuhi ni ya kazi: kutafuta mahali, kupeleka barua, kutumika bustani, kufundisha kijana ufundi wako. Dame na mupira vingoje saa kumi. Mvua za Novemba zikianza, panda mahindi. Lakini usingoje Novemba kama uliachishwa mwezi wa Juni: lengalenga karibu na maji inakatwa nyuma ya wiki ine ao tano, na inakupa sababu ya kuamuka.

Ine, watu. Mupange siku moja ya wiki ya kukutana na wenzako walioachishwa, muulizane nani alisikia habari ya kazi, nani anagonjwa, nani hakuonekana.

6. Maswali ya kuzungumza nyumbani

– Kama mushahara ukikatika leo, feza zetu zitatufikisha wapi?
– Karatasi za kazi za baba ziko wapi? Mama anajua?
– Baba anajua kufanya nini nje ya mugodi? Mama je? Watoto wakubwa je?
– Katika barabara yetu, nani alipoteza kazi mwaka huu? Tulimutembelea?

Jibuni maswali haya wakati mushahara ungali unaingia. Fundi wa usalama hangoji moto ndipo atafute maji. Na wewe unayetumika bado, ukipita chini ya muembe na kumuona mwenzako wa zamani, usigeuze macho. Musalimie kwa jina lake na kwa ufundi wake. Alipoteza kazi, ufundi wake angali nao.