Somo la Kushona: Kuchagua Sindano Ifaayo kwa Mshono wa Msalaba

Sindano ni chombo kidogo, na kwa udogo wake watu wengi huidharau. Mtu atakaye kudarizi kitambaa cha meza hukichagua kitambaa chake kwa uangalifu, akakipapasa, akakitazama kwenye mwanga. Huchagua rangi za nyuzi mpaka mwenye duka achoke. Kisha, anapofika kwenye sindano, huomba yoyote iliyopo. Somo letu la leo lahusu kosa hilo, na wa kwanza kulikiri ni mimi mwenyewe niandikaye.

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kufasiri karatasi ya mafunzo ya kushona. Mahali pamoja iliandikwa kwamba kadiri matundu ya kitambaa yalivyo madogo, ndivyo namba ya sindano inavyopasa kuwa kubwa. Mimi, ambaye sikuwa nimeshika sindano tangu siku za kurudishia vifungo vya shati shuleni, niliona kwamba maneno hayo hayana maana. Kitambaa chenye matundu madogo kingewezaje kutaka sindano kubwa? Nikadhani mwandishi amepitiwa, nikamsahihisha: nikaandika "namba ndogo". Karatasi ikapigwa chapa, ikagawanywa.

Baada ya majuma machache shangazi yangu, ambaye huwafundisha akina mama kushona, alinijia na kitambaa mkononi. Hakunisema kwa ukali. Alikikunjua tu akakiinua mbele ya dirisha, nami nikaona mwanga ukipenya kuzunguka kila ua kama katika chekecheke.

"Mwanangu," akasema, "tulinunua sindano namba 18 kama karatasi yako ilivyotuagiza. Vitambaa sita tulivyokusudia kuviuza ili tupate karo ya watoto, vyote viko hivi. Niambie, Kiingereza chenyewe kilisemaje?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Ulipoezeka nyumba ya mama yako, mabati ya geji 28 na ya geji 32, mazito ni yapi?"

Jibu nililijua, maana bei yake niliilipa mwenyewe. Ya geji 28 ndiyo mazito; geji inapopanda, bati huwa jembamba.

"Basi, na sindano ni vivyo hivyo," akasema.

NAMBA NA MAANA YAKE

Hilo ndilo jambo la kwanza la kushika. Namba ya sindano inapopanda, sindano huwa nyembamba zaidi na fupi zaidi. Sindano namba 18 ni nene. Namba 24 ni nyembamba kuliko hiyo. Namba 28 ni nyembamba sana.

Jambo la pili ni kwamba namba peke yake haitoshi. Sindano zina aina nyingi, na kila aina ina hesabu yake. Sindano kali za kushonea nguo huhesabiwa kuanzia namba 1, lakini zile za mshono wa msalaba tunazozitaja hapa huwa kati ya namba 18 na 28. Kwa hiyo, anayetuma mtu dukani na amtajie vyote viwili, aina na namba. Aina itakiwayo kwa kazi hii ni sindano butu yenye tundu refu, ambayo kwenye pakiti huitwa tapestri.

KWA NINI NCHA IWE BUTU

Wengi hushangaa kuambiwa wanunue sindano isiyochoma. Sababu yake yaonekana mtu akitazama jinsi mshono wenyewe ulivyo.

Mshono wa msalaba hushonwa juu ya kitambaa kilichofumwa kwa mistari iliyo sawasawa, chenye vitundu vinavyoonekana kwa macho. Kijulikanacho zaidi ni kitambaa cha Aida. Kila msalaba hukaa ndani ya mraba mmoja, na pembe zake nne huingia katika vitundu vinne. Lakini kitundu kimoja huwa ni pembe ya miraba minne iliyopakana. Basi mahali palipojazwa mishono, kila kitundu hupitiwa na uzi mara nne. Ikiwa mtu ashona kwa nyuzi mbili pamoja, kitundu hicho kidogo hupokea nyuzi nane.

Sasa fikiri sindano kali inapoingia katika kitundu ambacho tayari kina nyuzi sita. Itachoma nyuzi zilizotangulia na kuzipasua. Msalaba hupinda, rangi hupoteza mng'aro, na ikiwa mshonaji amekosea hesabu na ataka kufumua, uzi mmoja umekwisha kufungwa ndani ya mwingine, wala hautoki ila kwa mkasi. Sindano butu haichomi; huteleza kando ya nyuzi za kwanza na kutafuta nafasi iliyobaki. Kazi yake ni kufuata njia iliyokwisha kufunguliwa na mfumaji wa kitambaa.

KUPATANISHA SINDANO NA KITAMBAA

Kitambaa cha kazi hii hutajwa kwa hesabu ya vitundu vilivyomo katika inchi moja. Asiyejua hesabu ya kitambaa chake na alaze rula juu yake, ahesabu miraba ndani ya inchi moja. Akiisha kuijua hesabu, na afuate mpango huu:

Vitundu 8 kwa inchi: sindano namba 20.
Vitundu 11 kwa inchi: sindano namba 22, nyuzi tatu.
Vitundu 14 kwa inchi: sindano namba 24, nyuzi mbili.
Vitundu 16 kwa inchi: sindano namba 24 au 26, nyuzi mbili.
Vitundu 18 kwa inchi: sindano namba 26, uzi mmoja au nyuzi mbili.
Vitundu 22 kwa inchi: sindano namba 26 au 28, uzi mmoja.

Nyuzi zinazohesabiwa hapa ni zile nyembamba sita zinazounda uzi mmoja wa kudarizia. Hutenganishwa kwanza, kisha huunganishwa tena kwa idadi itakiwayo.

Kitambaa cha kitani hakina miraba kama Aida; hushonwa kwa kuruka nyuzi mbili za kitambaa kila mara. Kwa hiyo kitani chenye nyuzi 28 kwa inchi huhesabiwa kama kitambaa cha vitundu 14, na sindano yake huchaguliwa kwa hesabu hiyo.

Mpango huu ni mwongozo mwema, lakini mkono ndio hakimu wa mwisho. Chukua pembe ya kitambaa isiyotumika, uingize sindano katika kitundu. Ikiwa yapita yenyewe ikaanguka chini, ni nyembamba mno. Ikiwa yataka kusukumwa kwa nguvu, na kitundu chabaki wazi baada ya kuitoa, ni nene mno. Sindano ifaayo huingia kwa urahisi, hukwama kidogo mahali pa tundu lake, kisha hupita, na kitundu hurudi kama kilivyokuwa.

Asiwepo wa kusema kwamba tofauti ya namba mbili au tatu ni jambo dogo. Katika kitambaa cha vitundu 14, eneo la inchi moja kwa inchi moja lina misalaba 196, na kila msalaba huipitisha sindano mara nne. Hiyo ni mara 784 katika eneo lisilozidi stempu kubwa ya barua. Kosa dogo likirudiwa hivyo huwa kubwa, na ndiyo maana vitambaa vya shangazi yangu vilikuwa kama chekecheke.

TUNDU LA SINDANO NA UZI

Tundu la sindano nalo lina kazi yake. Likiwa dogo kuliko uzi, husugua pamba kila sindano ipitapo, na uzi huota manyoya kabla haujafika mwisho. Likiwa kubwa mno, sindano yenyewe imekuwa nene kuliko kitambaa, na uzi hauachi kuchomoka. Tundu liwe la kadiri ya uzi kuweza kuteleza ndani yake bila kubanwa.

Hata sindano ikiwa njema, usikate uzi mrefu. Dhiraa moja, yaani kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, yatosha. Mwenye kukata pima nzima kwa kuona uvivu wa kutunga uzi tena, mwishowe hushona kwa uzi uliochakaa.

Wenye macho mazito huhangaika kutunga uzi. Njia nyepesi ni hii: ukunje uzi juu ya sindano, uuvute ukaze, uubane mkunjo huo kwa vidole viwili, uichomoe sindano, kisha ulete tundu juu ya mkunjo. Ukikataa, igeuze sindano ujaribu upande wa pili. Mara nyingi upande mmoja hukubali na mwingine hukataa, kwa sababu tundu hupigwa kwa mashine, na upande mmoja huwa laini kuliko mwenzake.

Na kabla ya kulalamika juu ya chombo hiki, yafaa kujua kilivyowagharimu watu. Katika karne ya 19 mji wa Redditch nchini Uingereza ulisifika ulimwenguni kwa sindano. Waya ulikatwa kwa urefu wa sindano mbili, ukachongwa ncha huku na huku, yakapigwa matundu mawili katikati, kisha ukavunjwa vipande viwili. Baada ya kuchomwa moto ili ziwe ngumu, sindano zilifungwa maelfu kwa maelfu pamoja na sabuni na unga wa kusugulia, zikasuguliwa mpaka zing'are. Kinu kimoja cha kazi hiyo, Forge Mill, kilichoendeshwa kwa nguvu za maji, sasa ni nyumba ya makumbusho. Waliochonga ncha juu ya mawe ya kunolea walivuta vumbi la chuma na la jiwe mapafuni, na wengi wao walikufa wangali vijana.

SINDANO KALI INAPOHITAJIWA

Haimaanishi kwamba sindano kali haina mahali. Kitambaa kisicho na vitundu, kama marekani au poplini, hakina njia ya kufuata. Hapo sindano hujitengenezea njia, nayo lazima iwe na ncha. Wapo wanaoshona msalaba juu ya kitambaa cha namna hiyo kwa kubandika juu yake kitambaa cha matundu cha muda, ambacho kazi ikiisha hulowanishwa na nyuzi zake kung'olewa moja moja. Hao watumie sindano kali ya kudarizi. Vivyo hivyo mafundi wa kofia za pwani, kama wale wa Lamu, hushona vitobo vyao vidogo juu ya kitambaa kilichofumwa kwa kushikana, na sindano butu isingewafaa kitu. Kila sindano na kazi yake.

KUTUNZA SINDANO

Sindano nyingi hupakwa nikeli ili zisishike kutu. Jasho la mikono na hewa ya chumvi ya pwani huula mpako huo taratibu. Ukiona sindano imekuwa nyeusi au inakwaruza, usiendelee nayo, kwa maana itaacha doa na kukata uzi. Wale ambao mikono yao huwasha kwa sababu ya nikeli wanaweza kununua zilizopakwa dhahabu. Bei yake ni kubwa kidogo.

Usiache sindano imechomekwa katika kazi usiku kucha, hasa katikati ya ua. Kutu ikiingia katika kitambaa cheupe ni vigumu kuiondoa. Ichomeke katika kipande cha sufu kikavu. Na sindano iliyokwisha kazi isitupwe uani, ambako watoto hutembea miguu mitupu. Iwekwe katika kopo lenye kifuniko.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Sindano namba 20 na namba 26, ipi ni nene?
2. Kitani kina nyuzi 32 kwa inchi, nawe washona kwa kuruka nyuzi mbili. Ni sawa na kitambaa cha vitundu vingapi, na utachagua sindano gani?
3. Kwa nini sindano kali huharibu kazi pale ambapo kitundu kina nyuzi tayari?

Mwenye kusoma somo hili kwa makini atayaona majibu yote ndani yake.

Labda msomaji ataka kujua mwisho wa vitambaa sita. Kwa shauri la shangazi, vilifuliwa kwa maji ya vuguvugu, vikanyooshwa kwa mkono vingali na unyevu, vikapigwa pasi kwa upande wa nyuma. Pamba ikilowa huvimba, na vitundu vilivyotanuka huweza kujifunga kidogo. Vinne vikarudi kuwa vya kufaa, vikauzwa. Viwili havikurudi, nikavinunua mimi kwa bei ile ile, na karatasi ya sahihisho ikapigwa chapa. Kimoja kati yake kimetandikwa juu ya meza ninayoandikia. Kila nionapo neno katika karatasi ya mtu mwingine ambalo nadhani halina maana, hukitazama kwanza, kisha huenda kumwuliza ajuaye.