KUCHAMBA KWA MAJI: KOPO, SHATAFU NA BIDE
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

  Wanachama wenzangu wamekuandikia juu ya ngeli, methali na mashairi. Mimi nimechagua somo ambalo watu hulisema kwa kunong'ona: namna ya kujisafisha baada ya kwenda haja. Usicheke bado. Soma hadi mwisho, halafu ucheke ukishanawa mikono.

Shule yetu ni ya kutwa, nasi tumechanganyika. Wapo waliozaliwa hapa hapa Mombasa na wapo ambao wazazi wao walihamia kutoka bara. Wa pwani huingia msalani na kopo la maji. Wa bara huingia na karatasi ya shashi. Kila upande humcheka mwenzake: huyu aitwa mchafu kwa kuwa hutumia mkono, yule aitwa mchafu kwa kuwa hagusi maji. Muhula wa kwanza mabishano hayo yalizuka katika mkutano wa chama chetu, kengele ikalia kabla hayajaisha. Tangu hapo nimekuwa nikiuliza. Nimemuuliza mwalimu wa Biolojia. Nimemuuliza pia mjomba wangu, fundi wa mifereji, ambaye likizo ya Aprili nilifuatana naye kazini kumshikia vyombo. Jibu nililolipata ni kwamba chombo peke yake hakimsafishi mtu. Kinachomsafisha ni utaratibu, na utaratibu huo huishia mkononi, kwenye sabuni.

TAFSIDA NA MANENO YA SOMO HILI

Kiswahili ni lugha ya stara. Badala ya kutaja jambo waziwazi twasema kwenda haja ndogo, kwenda haja kubwa, kujisaidia, au kwenda msalani. Hizo zote ni tafsida, na mtahini anaweza kukuuliza. Kitendo cha kujisafisha baada ya haja huitwa kuchamba. Kwa Waislamu lipo pia neno kustanji. Kutawadha nako hutumika zaidi kwa udhu wa kabla ya sala, ingawa wapo wanaolitumia kwa kujisafisha msalani.

Lakini jamani, tafsida husitiri neno tu, haisitiri maradhi. Wahenga walilonga kwamba mficha uchi hazai. Tukiona haya kufundishana mambo haya, tutaendelea kuugua kimyakimya.

BIDE NI NINI?

Kopo twalijua sote. Bide je? Wafaransa huiandika bidet, nasi tutaiandika bide kama inavyotamkwa. Ni karai la kauri linalokaa chini, kando ya choo, lenye mfereji wake, na mara nyingi lina maji moto na maji baridi. Watu wengi wakiliona hudhani ni choo cha watoto au karai la kuoshea miguu. La hasha! Ni karai la kuchambia.

Bide ilianza Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 18, katika nyumba za matajiri. Zamani neno hilo kwa Kifaransa lilikuwa na maana ya farasi mdogo, manake mtu hulipanda karai hilo kama apandavyo farasi. Nchini Italia bide si anasa tena. Amri ya serikali ya mwaka 1975 ilitaka kila nyumba iwe na angalau bafu moja lenye choo, bide, sinki, na beseni au bomba la kuogea. Huko Japani, kampuni ya TOTO ilianza mwaka 1980 kuuza kiti cha choo kinachorusha maji chenyewe, kiitwacho Washlet. Nako Marekani, mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipozuka na watu wakagombania karatasi madukani, wengi walinunua bide kwa mara ya kwanza. Kwa hivyo mwenzetu anayedhani maji chooni ni mambo ya ushamba, na ajue kuwa wenye viwanda wameyafuata maji hayo hayo.

Kati ya kopo na bide kuna shatafu, yaani mpira mwembamba wenye kichwa cha kubonyeza unaoning'inia ukutani karibu na choo. Hutumika sana katika nchi za Kiarabu, na hapa pwani utauona katika nyumba nyingi na katika misikiti.

UTARATIBU WA BIDE

1. Haja haifanywi katika bide. Maliza haja yako chooni kwanza.
2. Jifute kwa karatasi kidogo ili uchafu usibaki karaini.
3. Fungua maji baridi, kisha ongeza ya moto polepole. Yapime kwa mkono kabla hujakaa. Maji moto huunguza ngozi laini upesi mno.
4. Kaa, au chuchumaa juu yake, ukielekea mfereji au ukiupa mgongo. Njia zote mbili ni sawa.
5. Osha kuanzia mbele kwenda nyuma. Sabuni kidogo isiyo kali yatosha, kisha suuza.
6. Jikaushe kwa karatasi safi au kitambaa chako mwenyewe. Kitambaa cha bide hakishirikiwi, hata na ndugu yako wa tumbo moja.
7. Suuza karai, halafu nawa mikono kwa sabuni.

UTARATIBU WA SHATAFU

Mjomba hufungua koki ndogo ya ukutani kwanza, kisha hubonyeza kichwa kidogo kidogo akielekeza maji chooni ili aijue nguvu yake. Maji yenye nguvu nyingi huumiza. Kichwa cha mpira kisiguse mwili, kwani baada yako anakuja mwingine. Elekeza maji kutoka mbele kwenda nyuma, jikaushe, urudishe mpira mahali pake.

Mambo mawili mjomba hayasamehi. La kwanza ni kuiacha koki wazi. Nyumba moja tuliyoitwa, wenyewe walikuwa wamesafiri, mpira ukapasuka kwa presha, na maji yakafika sebuleni. La pili ni kuuacha mpira uangukie ndani ya bakuli la choo. Presha ya mfereji ikishuka, nanyi mwajua mifereji ya Mombasa inavyokauka, yale maji ya chooni yaweza kufyonzwa yakarudi kwenye bomba la maji safi. Utakunywa ulichokwisha kukiaga!

UTARATIBU WA KOPO

Bide na shatafu havifai kitu mfereji ukikauka. Hapo tunarudi kwa kopo, na kwa kweli kopo si chombo duni. Lita moja hivi yatosha kuchambia. Lakini ni lazima litumike vizuri.

1. Jaza maji safi kutoka mfereji au mtungi wenye kifuniko. Usichovye mkono ndani ya ndoo ya maji ya wote.
2. Mimina kwa mkono wa kulia, osha kwa mkono wa kushoto. Ndiyo maana wazee wetu hutukataza kula kwa kushoto. Adabu ile ina afya ndani yake.
3. Hapa pia, mbele kwenda nyuma. Maji yatiririke chini, yasirudi koponi.
4. Jikaushe ikiwa una karatasi au kitambaa. Ngozi ikishinda na unyevu huwasha na kuota ukungu.
5. Usiliache kopo juu ya sakafu iliyolowa. Litundike au liweke mahali palipoinuka. Kila siku lioshwe kwa sabuni, hasa mshikio wake, manake ndio unaoshikwa na kila mtu.

Birika lenye mdomo mrefu ni bora kuliko kopo, kwa sababu humimina kwa utulivu na halirukishi maji ovyo.

KWA NINI MBELE KWENDA NYUMA?

Hapa mwalimu wa Biolojia alituchorea ubaoni. Ndani ya utumbo wetu wamo bakteria waitwao E. koli. Wengi wao, wakikaa utumbomo, hawatudhuru. Lakini wakisukumwa mbele wakaingia katika mrija wa mkojo, huleta maambukizi: mkojo huchoma, mtu huenda haja ndogo kila mara, na yakipanda hadi kwenye figo huleta homa kali. Kwa mwanamke mrija huo una urefu wa sentimita 4 hivi tu. Kwa mwanamume hufika sentimita 20. Ndiyo sababu wasichana huugua zaidi, wala si kwa kuwa wao ni wachafu. Mwenye dalili hizo aende zahanati, asione haya.

KUCHAMBA KWINGI

Ipo methali ya Waswahili ambayo walimu huipita haraka darasani: kuchamba kwingi, kuondoka na mavi. Maana yake ni kwamba mtu akizidisha jambo huliharibu. Waama, hata katika maana yake ya juu juu methali hii ni sahihi. Anayejisugua kwa nguvu huichubua ngozi. Anayetumia sabuni kali au dawa ya kuulia viini mwilini hujiunguza. Na wasichana hawapaswi kuosha sehemu za ndani kwa sabuni wala kwa mpira wa maji, kwa sababu mwili una bakteria wake wema wanaoulinda. Ukiwaondoa hao, unawafungulia mlango walio wabaya. Osha nje, suuza, kausha, basi.

MKONO NDIO MWISHO WA SOMO

Sasa tuyamalize yale mabishano. Mwenye karatasi asidhani mkono wake umebaki safi. Karatasi hulowa na hupasuka, na viini vidogo hatuvioni kwa macho. Mwenye maji naye asidhani kuwa maji yameondoa kila kitu mkononi. Wote wawili, wakitoka bila kunawa kwa sabuni, wamekuwa sawa. Watafungua mlango, watashika daftari, watamsalimia rafiki, kisha watanunua mahamri na kuyatia mdomoni. Ndivyo kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara na mayai ya minyoo yanavyosafiri kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine. Kipindupindu kilipozuka nchini mwetu Oktoba 2022, hakikuuliza nani wa pwani na nani wa bara.

Sabuni hufanya kazi kwa kuyayusha mafuta yaliyoshika uchafu ngozini, na maji yakaubeba. Sugua viganja, migongo ya mikono, kati ya vidole na chini ya kucha kwa sekunde 20. Kucha ziwe fupi.

OMBI LANGU KWA SHULE

Nyote mwajua jambo nitakalolisema. Sisi wa kutwa hutoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni. Vyoo vyetu vina maji siku fulani, na siku fulani havina. Kopo ni moja, sabuni hakuna. Kwa hivyo wengi wetu hujizuia kutwa nzima, na wengine hawanywi maji ili wasihitaji kwenda. Huko ni kujitesa. Kuzuia mkojo na kukaa na kiu huwapa wale bakteria nafasi ya kuzaana, na kuzuia haja kubwa huleta kufunga choo. Tena mtu aliyejibana hawezi kumsikiliza mwalimu wa Hisabati hata angetaka.

Sidai bide za kauri. Naomba mambo matatu ambayo naamini yako ndani ya uwezo wetu: pipa la maji lenye kifuniko na koki katika kila safu ya vyoo, kopo lenye mshikio kwa kila chumba, na kipande cha sabuni ndani ya soksi iliyofungwa kwa kamba kwenye mfereji wa kunawia, ili kisipotee. Chama chetu kiko tayari kuandika zamu ya kulijaza pipa na kuyaosha makopo, wavulana upande wao na wasichana upande wao. Walimu wetu wapendwa, mkitupa pipa, zamu tutaishika. Kidole kimoja hakivunji chawa.

MAZOEZI

1. Taja tafsida tatu za kwenda chooni.
2. Eleza kwa nini mpira wa shatafu hauachwi ndani ya bakuli la choo.
3. Methali "kuchamba kwingi, kuondoka na mavi" ina maana gani? Toa mfano mmoja usiohusu choo.
4. Mwenye karatasi na mwenye kopo wametoka msalani bila kunawa kwa sabuni. Nani safi? Toa sababu.

Atakayejibu swali la 4 vizuri na amfundishe mdogo wake nyumbani leo hii kabla ya chakula cha jioni.