Jua Haki Zako: Umetoka Jasho, Bima Imekatika

Swali: Nauza omena hapa Sindo, kando ya ziwa. Nilijisajili SHA, nikaambiwa nilipe pesa za mwaka mzima kwa mpigo. Sikuzipata. Je, sasa sina haki yoyote ya matibabu?

Jibu: Unazo, mama, tena kadhaa. Kwanza elewa ulipokwama. SHA, mamlaka ya bima ya afya ya jamii, ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi. Wewe uliyejiajiri huulizwa kuhusu nyumba na mali yako, kisha mapato ya kaya yako hukadiriwa. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini hulipwa kwa mwaka: 3,600 kwa mara moja. Enzi za NHIF ungetoa 500 kila mwezi.

Makadirio hayo hayaendi na ziwa. Uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai, na pato hukauka. Paa la bati uliloezeka mwaka wa neema bado litakuhesabia uwezo ambao leo huna. Ndivyo mchapakazi anavyoonekana tajiri mno kulipiwa na serikali, ilhali hana akiba ya kujilipia.

Haki zako ni hizi:

Zahanati na kituo cha afya. Huduma za msingi katika ngazi ya 2 na 3 hugharamiwa na serikali. Unachohitaji ni kuwa umesajiliwa, hata kama hujalipa mchango. Usajili ni bure, kupitia *147# au kwa mhudumu wa afya ya jamii.

Dharura. Kifungu cha 43(2) cha Katiba ya Kenya chakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Chini ya Sheria ya Afya ya 2017, hospitali yenye uwezo wa kukuhudumia ikikataa, yaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 3.

Makadirio. Ukiona umepandishiwa kiwango, andika barua kwa SHA ukiomba kipitiwe upya. Kifungu cha 47 cha Katiba chakupa haki ya kuelezwa sababu kwa maandishi uamuzi unapokuumiza. Baki na nakala iliyogongwa muhuri. Wasipokujibu, lalamika kwa Ombudsman, hutozwi kitu. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 pia imeweka jopo la kutatua mizozo.

Makato. Mwanao aliyeajiriwa akikatwa, mwajiri lazima awasilishe pesa hizo kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Afuatilie SHA, ahifadhi na hati za mshahara: deni hilo ni la mwajiri.

Ukiamua kutumia Lipa SHA Pole Pole, mpango wa kulipa mchango wa mwaka kidogo kidogo, kumbuka ni mkopo. Piga hesabu ya miezi ya kufungwa ziwa kabla hujakubali, na kama kiwango chako unakipinga, peleka barua kwanza.