Vipande vya DNA ya Uvimbe Ndani ya Damu

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa akifanya kazi mjini Kampala, alitangaza maelezo ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwapata watoto wa Afrika. Uvimbe huo ndio uitwao leo limfoma ya Burkitt, yaani saratani ya limfosaiti, mojawapo ya aina za chembe nyeupe za damu. Hukua upesi mno: chembe zake zaweza kuongezeka maradufu katika siku moja au mbili. Dawa za kuuponya zipo, lakini sharti ugonjwa uthibitishwe kwanza, na desturi ni kukata kinyama, kukipaka rangi na kukitazama kwa hadubini. Pale ambapo wataalamu wa kazi hiyo ni wachache, majibu huchukua majuma, na uvimbe haungoji.

Je, damu yaweza kujibu? Tumezoea kufundisha kwamba DNA hukaa katika kiini cha chembe, na somo likaishia hapo. Kumbe mwaka 1948, kabla umbo la DNA halijajulikana, Mandel na Métais wa Ufaransa walikwisha kuonyesha kwamba asidi za namna hiyo zimo pia katika utegili, yaani majimaji ya damu yaliyotengwa na chembe. Chembe ifapo, nyuzi zake hukatwakatwa. Vipande vingi huwa na urefu wa herufi 167 hivi, navyo huelea kwa muda mfupi kabla ya kuondolewa. Kwa mgonjwa, vya uvimbe huwa vimechanganyika na vya chembe zenye afya.

Vitatambulikanaje? Jeni iitwayo MYC, ambayo huichochea chembe igawanyike, hukaa katika kromosomu ya 8. Kwa wagonjwa walio wengi wa Burkitt, kromosomu ya 8 na ya 14 zimekatika na kubadilishana vipande, MYC ikajikuta jirani na jeni ya kutengeneza kingamwili. Jirani huyo hapumziki. Basi MYC nayo haizimwi. Mahali pa mkatiko hutofautiana baina ya mgonjwa na mgonjwa, hivyo kipande chenye kiungo hicho ni kama chale ya uvimbe ule mmoja. Virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa mwaka 1964 katika chembe za uvimbe huu huu, navyo huacha DNA yao katika damu; lakini watoto wengi wasio wagonjwa wanavyo, kwa hiyo si ushahidi wa kutosha peke yake.

Njia hii imechunguzwa kwa watoto na vijana wa Tanzania na Uganda, zikishirikiana hospitali za Muhimbili na Lacor pamoja na Chuo Kikuu cha Oxford. Adui mmoja ni wa kawaida kabisa: damu ikiachwa mezani mchana kutwa katika chupa isiyo na dawa ya kuihifadhi, chembe nyeupe hupasuka na kuumwagia utegili DNA yao.

Adui wa pili ni uchache. Nakala moja ya jenomu ina uzito wa pikogramu 3.3 hivi; nanogramu 33 ni nakala 10,000. Kabla ya matibabu, sehemu ya uvimbe huwa kubwa. Baada yake tuseme imebaki 1 katika 20,000: wastani ni nusu ya nakala, na mara nyingi tutaambulia patupu ingawa uvimbe upo. Mwanafunzi na ahesabu mwenyewe nanogramu ngapi zingetakiwa ili wastani uwe nakala tano.