Moto au Halijoto? Jinsi ya Kupima Prosesa ya Kompyuta

"Mashini yangu iko na moto." Usemi huu nausikia kila mwaka katika kitivo chetu, siku za kuandika kazi za kumaliza masomo zinapofika. Mwanaisimu atauliza: moto wa wapi? Mkono huhisi kifuniko tu, na kifuniko kinaweza kuwa vuguvugu huku prosesa, kile kipande kidogo cha ndani kinachofanya hesabu zote, imepita kiasi. Ndiyo maana napendelea neno halijoto: linadai namba.

Namba hiyo tunaipata bila kufungua kitu, kwa kuwa prosesa za siku hizi zina vipimajoto ndani yake. Kwenye Linux naweka programu ya lm-sensors, kisha naandika amri sensors. Kwenye Windows, Core Temp au HWiNFO hufanya kazi hiyo.

Kipimo kimoja hakitoshi. Nachomeka kompyuta kwenye umeme, napima ikiwa imetulia, kisha napima tena ikiwa na mzigo, kwa mfano inapobadilisha rekodi ndefu ya video. Nyuzi 35 hadi 50 wakati wa utulivu ni kawaida; 70 hadi 85 chini ya mzigo si ajabu kwa kompyuta ya kubeba. Feni haiwezi kuipoza prosesa kuliko hewa ya chumba, kwa hiyo vipimo vya Lubumbashi mwezi wa Oktoba tusivilinganishe na vya Juni.

Prosesa nyingi za Intel zina kikomo cha nyuzi 100 hivi. Zikikifikia hupunguza mwendo. Joto likizidi kupanda, mashini hujizima, na sura ambayo haijahifadhiwa hupotea. Basi natazama pia mwendo, unaoandikwa kwa GHz: mzigo ukiwa bado mkubwa, nyuzi zikikaribia kikomo na mwendo ukishuka, huo ni ushahidi. Kelele ya feni si ushahidi, maana feni inayolia inafanya kazi yake. Feni iliyonyamaza kwenye nyuzi 95 ndiyo inayonitisha.

Hapo kwanza nanakili maandishi yangu kwenye fleshi. Kisha naitoa kompyuta kitandani, naiweka mezani na kupima upya. Nyuzi zikishuka, blanketi ndilo lililoziba matundu ya hewa. Zisiposhuka, huenda vumbi limejaa ndani au feni imechoka, na hiyo ni kazi ya fundi.