Faili Inapofunguliwa na Programu Isiyo Yake

Wengi wenu mnaosaidia kazi za afya kambini sasa mnatumia kompyuta: kuandika orodha ya watoto wanaongojea chanjo, kuonyesha video ya kunawa mikono, kuchapa matangazo. Somo letu la leo linahusu tatizo dogo ambalo linaweza kupoteza kazi ya mwezi mzima.

Unabonyeza mara mbili orodha yako ya chanjo. Badala ya majina ya watoto, unaona ukurasa uliojaa alama za ajabu na herufi zisizosomeka. Watu wengi hapo hudhani faili imeharibika au imeingiwa na virusi, nao huifuta. Usiifute! Mara nyingi faili ni nzima kabisa, ila kompyuta imeipeleka kwenye programu isiyoweza kuisoma.

Je, kompyuta inajuaje faili ifunguliwe na programu ipi? Windows hutazama herufi za mwisho za jina la faili, zile zinazofuata nukta. Orodha ya Excel huishia na .xlsx, barua ya Word na .docx, video nyingi na .mp4. Ni kama mtoa dawa anayesoma lebo ya chupa bila kuonja kilichomo. Mtu akishaiambia kompyuta kwamba kila .xlsx ifunguliwe na Notepad, basi itatii kila siku mpaka aambiwe vingine.

Tazama mwanzo wa ukurasa huo wenye alama za ajabu. Ukiona herufi PK, hiyo ni dalili njema. Faili za .docx na .xlsx, zilizoanza kutumika na Office ya mwaka 2007, ndani yake ni furushi lililobanwa kwa mtindo wa zip, na PK ni herufi za jina la Phil Katz, Mmarekani aliyebuni mtindo huo mwaka 1989. Funga ukurasa huo. Kompyuta ikikuuliza kama uhifadhi mabadiliko, kataa. Ukihifadhi kutoka Notepad, hapo ndipo faili inapoweza kuharibika kweli.

Sasa rekebisha. Weka mshale juu ya faili, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, kisha chagua maneno “Open with”. Kama kompyuta yako ni ya Kifaransa, yameandikwa “Ouvrir avec”. Chagua programu nyingine kwenye orodha. Katika Windows 11 utaona vitufe viwili: “Just once” maana yake mara hii tu, na “Always” maana yake siku zote. Katika Windows 10 kuna kiboksi cha kuweka alama ya vema kabla ya kukubali. Sisi tunashauri ujaribu kwanza mara moja tu. Majina ya watoto yakionekana sawasawa, rudia hatua hizo na uchague siku zote. Kufanya hivi hakubadilishi chochote ndani ya faili, kwa hiyo usiogope kujaribu.

Kitu kisichofaa ni kubadilisha herufi za mwisho za jina, kwa mfano kuandika .pdf mahali pa .docx. Ukibandika lebo ya Panadol kwenye chupa ya mafuta ya taa, mafuta hayageuki dawa.

Kama hakuna programu inayofaa, LibreOffice husoma faili za Word na Excel, na VLC hucheza karibu kila aina ya video. Zote mbili ni za bure, hivyo usimlipe mtu anayedai kukuuzia. Zichukue kwenye tovuti zao wenyewe, libreoffice.org na videolan.org.

Jihadhari pia na faili zinazoishia na .exe. Hizo si picha wala barua, ni programu zenyewe, na Windows kwa kawaida huficha herufi hizo. Faili kwenye flashi ya rafiki inaweza kuonekana “harusi.jpg” kumbe jina lake kamili ni “harusi.jpg.exe”. Usiibonyeze.

Jambo la mwisho ni zito zaidi. Ziko tovuti zinazojitolea kugeuza faili yako bure: unaipandisha kwenye intaneti, unarudishiwa ikiwa ya aina nyingine. Kwa tangazo la usafi hakuna shida. Lakini orodha yenye majina ya wagonjwa, majibu ya vipimo au nambari za kadi za familia usiipandishe kamwe. Wapo kati yetu waliokimbia watu wanaowatafuta mpaka leo, na ukishaituma faili huwezi kujua imehifadhiwa wapi wala nani ataisoma. Faili kama hiyo ikikataa kufunguka, mpelekee karani wa takwimu wa kituo chako, naye aifungulie hapo hapo kituoni.