Ngazi Iliyomo Ndani ya Seli, na Mtoto Mwenye Ualbino



Mtoto mwenye ualbino akizaliwa huku kwetu, iwe Chiungutwa, Masasi mjini au juu Newala, neno la kwanza huwa la furaha na la pili huwa la minong'ono. "Huyu katoka wapi? Kwao baba hakuna, kwao mama hakuna." Mara wajomba wanaitwa kikao, na mama ambaye bado ana maumivu ya uzazi anaulizwa alikuwa na nani. Ziko ndoa zilizovunjika kwa swali hilo. Mwezi huu tunalijibu kwa somo ambalo watoto wetu wa sekondari hulisoma katika Baiolojia. Kama wako karibu, waiteni mkae pamoja.

Mwili umejengwa kwa seli, mfano wa vyumba vidogo sana visivyoonekana bila hadubini. Ndani ya karibu kila seli kuna kiini, na ndani ya kiini kuna nyuzi 46 ziitwazo kromosomu: 23 zimetoka kwa baba na 23 kwa mama. Wamakonde, Wamakua na Wayao tumezoea kuhesabu ukoo kwa upande wa mama. Seli haiijui desturi hiyo, inachukua nusu kwa nusu.

Uzi wenyewe ni DNA. Chukua ngazi ya kamba, ishike juu, mwenzako ashike chini na kuisokota. Hilo ndilo umbo lake, na lilielezwa mwaka 1953 na James Watson na Francis Crick, kwa msaada mkubwa wa kazi ya Rosalind Franklin ya picha za eksirei. Kila kipandio kina herufi mbili kati ya nne: A hukaa na T, na G hukaa na C, siku zote. Kwa hiyo ukiipasua ngazi katikati, kila upande unajua mwenzake aliyekosekana ni nani. DNA ya seli moja ikinyoshwa hufika kama mita 2, kupita urefu wa baba mwenye nyumba!

Kipande cha ngazi chenye maagizo ya kazi fulani huitwa jeni. Katika kromosomu ya 15 ipo jeni iitwayo OCA2, inayosaidia mwili kutengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi, nywele na macho. Mwaka 1995 watafiti walieleza kwamba kwa Watanzania wengi wenye ualbino waliopimwa, kipande kilekile cha jeni hiyo, cha vipandio kama 2,700, kilikuwa hakipo. Hakuna kilichoongezeka humo, si utajiri wala laana. Kuna kipande kilichopungua.

Sasa tulijibu lile swali. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, na nakala moja nzima inatosha kuleta rangi. Mwenye nakala moja pungufu ni mweusi kama wenzake na hajui lolote, tunamwita mbebaji. Hukadiriwa kuwa Tanzania mtu 1 kati ya 1,400 ana ualbino, na kwa hesabu hiyo wabebaji ni kama mtu 1 kati ya 19. Katika kanisa lenye waamini 200 wapo kama kumi. Nakala pungufu yaweza kupita kimya toka kwa bibi hadi kwa mjukuu, mpaka mbebaji aoe mbebaji. Hapo kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mwenye ualbino. Kwa hiyo baba, mtoto huyo amepokea nakala moja kwako na nyingine kwa mkeo. Rangi yake si ushahidi wa uzinzi.

Tuendelee na seli, maana hapa ndipo penye hatari. Seli za ngozi huchakaa na kubanduka, na nyingine huzaliwa mahali pake. Seli hukua kwanza, halafu inapasua ngazi zake zote na kuzinakili, kazi ya saa kadhaa, inakagua nakala, ndipo inagawanyika kuwa mbili, kila moja na nyuzi zake 46. Katika safari hiyo kuna vituo vya ukaguzi. Seli yenye DNA iliyoharibika husimamishwa itengenezwe, na ikishindikana hujiua yenyewe.

Mionzi ya jua hugandisha herufi T mbili zilizo jirani, na nakala inakosewa. Melanini hukaa juu ya kiini kama mwavuli. Asiye na mwavuli huo hupata makosa kila siku, mpaka siku moja kosa linaangukia jeni ya mkaguzi mwenyewe. Seli hiyo sasa inagawanyika bila kuulizwa: mbili, nne, nane. Hiyo ndiyo saratani ya ngozi, na kwa wenzetu hawa huanza mapema, hata ujanani.

Msidanganywe na mawingu na baridi ya Newala, mionzi hupenya. Msimu wa korosho, mwenye ualbino aokote asubuhi na mapema au jioni. Mchana apewe kazi ya kuchambua kivulini. Kofia pana, mikono mirefu, suruali au sketi ndefu. Mafuta ya nazi hayazuii jua. Yanatakiwa mafuta maalumu, kama yale yaliyoanza kutengenezwa KCMC Moshi katika miaka ya 2010. Kidonda au gamba lisilopona kwa mwezi mmoja, hasa usoni, masikioni, shingoni au mdomoni, lisisubiri mavuno kwisha. Nendeni Ndanda au Mkomaindo. Likikatwa likiwa dogo, mara nyingi hupona kabisa.

Shuleni akae mbele, kwa kuwa macho yake pia yanahitaji melanini. Na mwalimu anayemvua mtoto huyo kofia kwa sababu si sare ya shule, aonyeshwe ukurasa huu.